Amplifaya ya Valvu Haiwashwi Bila Mzigo

Kabla hujanisimulia habari za studio yako, kompyuta yako na hilo boksi jipya ulilonunua, toa kidole kwenye swichi. Umefunga nini nyuma ya hiyo amplifaya? Kama jibu lako ni "bado", basi hatujaanza kuongea. Amplifaya ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani, haiwashwi mpaka kuna kitu cha kupokea nguvu yake: spika, au boksi la mzigo kama hilo lako linalojifanya spika, au hata kipande cha waya wa jiko ndani ya ndoo ya maji. Kiwepo, na kilingane nayo. Mengine tutaongea tukiwa tumekaa.

Mimi ni Mama Kulwa. Nimetengeneza redio na amplifaya hapa Bariadi, na kabla ya hapo Mwandoya, tangu enzi ambazo wateja walikuwa wananikuta na solda mkononi, moshi unapanda, na bado wananiuliza, "Fundi yuko wapi?" Sasa nimestaafu, maana yake watu wananiletea vitu vibovu nyumbani badala ya dukani. Rangi za risista sizioni tena bila miwani na tochi. Lakini pua yangu nzima, na kwenye kazi hii pua ni nusu ya vifaa.

Ninyi mmekulia kwenye amplifaya za transista, na hizo zinaogopa nyaya za spika kugusana. Ukiziacha bila spika hazisemi kitu, zinawaka tu na kusubiri. Za valvu ni kinyume chake, zinaogopa upweke. Katikati ya valvu na spika kuna transfoma, na nguvu ikifika pale ikakosa pa kwenda inarudi ilikotoka kwa hasira. Volti zinapanda, cheche inaruka mahali ambapo waya umelala juu ya mwenzake, na kazi imekwisha. Hutaona kitu. Utanusa.

Mimi nilinusa kwa mara ya kwanza Mwandoya, na chanzo kilikuwa gunia la pamba.

Mwalimu wangu aliitwa Fundi Lushinge, mtu mfupi wa maneno machache, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwa utosini. Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa ghala la kununulia pamba. Sasa amplifaya ikitoka kutengenezwa lazima uipige kwa nguvu, tena kwa muda, ndipo ujue imepona au imejifanya. Msimu wa pamba karani wa mizani anaita majina ya wakulima, na huku sisi tunanguruma. Karani akaja kulalamika, akaja tena, siku nyingine akaja na mwenyekiti. Lushinge akapata dawa. Akaivua spika kwenye kabati lake, akaivisha shuka ili nyuzi za pamba zisiingie kwenye koili, akaizika katikati ya gunia la pamba. Amplifaya inafanya kazi yake yote, spika inapokea yote, na nje unasikia kama mtu anayekoroma nyumba ya tatu. Nilimwona Lushinge siku ile kuwa ndiye mtu mwenye akili kuliko wote niliowahi kukutana nao, na sijabadili mawazo sana.

Magunia hayakuwa yetu. Wakulima waliokuwa wakisubiri zamu ya mzani walikuwa wanayaegesha kibandani kwetu kwa ajili ya kivuli, nasi tukiazima moja kwa ruhusa ya mwenyewe. Siku moja tuliazima la mama mmoja wa kijiji cha Kimali. Lushinge akaunganisha redio kwenye amplifaya, muziki ukaanza kupita, mimi akanituma dukani, yeye akatoka kumsindikiza mteja. Zamu ya yule mama ikafika. Wanawe wawili, vijana wenye vifua vipana, wakaja kuchukua gunia. Mmoja akasema linanguruma. Mwenzake akasema ni panya. Wakalibeba, waya ukachomoka, wakaenda zao.

Karani akaona mshale wa mzani unakimbia. Akasema, "Pamba gani hii?" Akaingiza mkono mpaka begani, akagusa chuma. Huku kwetu, ninyi mliozaliwa mjini mjue, kuweka jiwe kwenye pamba ili uzito uongezeke ni aibu ambayo wajukuu wako wataikuta. Yule mama akapiga kelele, "Yaani mimi!" Akakaa chini kwenye vumbi na kitenge chake kizuri. Nilikuwa narudi kutoka dukani nikamwona Lushinge anakimbia, kofia mkononi. Sikuwahi kumwona kichwa wazi.

"Karani, hiyo ni spika yangu!"

"Spika inafanya nini kwenye pamba?"

"Inafanya kazi."

Watu wakacheka, lakini karani hakucheka. Akataka ushahidi kwamba chuma kile ni spika na si ujanja. Lushinge akaomba tochi ya mlinzi, akatoa betri, akachukua zile nyaya mbili zilizokuwa zinaning'inia nje ya gunia, akazigusisha kwenye betri. Gunia likakohoa. Akagusa tena, likakohoa tena. Yule mama aliinuka kutoka vumbini akicheka mpaka akashikilia mbavu, na karani mwenyewe akaomba ajaribu. Aliikohoza ile spika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, foleni ya wakulima ikimngoja.

Mpaka hapo hakuna aliyekumbuka kwamba amplifaya kibandani ilikuwa bado inawaka, redio inapiga, na nyuma yake hakuna kitu. Pua yangu ndiyo iliyokumbuka. Tulipofika, ile transfoma ya kutolea sauti ilikuwa imeshaungua.

Amplifaya ile ilikuwa ya mpiga gitaa wa bendi ya dansi iliyozunguka Meatu na Maswa misimu ya pamba. Alikuja mchana kuichukua, kijana mrefu, shati limepigwa pasi, akatusalimia, "Mwadila." Lushinge akamweleza yote, tangu panya mpaka betri. Nikasubiri matusi. Yule kijana akauliza tu, "Itaongea tena?"

"Itaongea. Nipe muda."

Transfoma mpya haikuwepo Mwandoya, wala Shinyanga, na kwa Mwanza tuliambiwa tusahau. Lushinge akaamua kuizungusha upya kwa mkono. Tuligeuza baiskeli miguu juu, tukafunga kibao cha koili kwenye ekseli ya nyuma, mimi nazungusha pedali polepole, yeye anaongoza waya kwa vidole na kuhesabu kwa sauti. Ukimsemesha anakurushia jicho. Kila tabaka anaweka karatasi, anapaka nta, tunaendelea. Mpiga gitaa alikuwa anakuja kila siku kuulizia transfoma yake. Alikuja mpaka ikaisha, na ilipoisha akaendelea kuja. Ndiye Ngasa. Ndiye baba wa Kulwa na Doto, na ndiye aliyeko sasa hivi hapo nje anawafokea kuku wangu.

Nimeyasema hayo yote kwa sababu ya lile boksi ulilonunua.

Ngasa alipiga gitaa kwa ile amplifaya maisha yake yote ya kazi, na mnajua valvu: ukizifungulia kidogo sauti inatoka nyembamba, ya adabu. Utamu wake unakuja zikibanwa, yaani sauti ikifunguliwa mpaka mwisho. Basi alizibana, miaka na miaka, spika ikiwa nyuma ya shingo yake, na masikio yakalipa. Daktari akamwambia wazi: makelele yale basi, la sivyo utabaki unasoma midomo ya wajukuu. Ngasa akarudi nyumbani, akatundika gitaa ukutani, akafunika amplifaya kwa kitambaa cha kufuma. Hakulalamika. Afadhali angelalamika. Mtu aliyekuwa anapiga meza kwa vidole hata akisubiri ugali, sasa mikono imetulia mapajani. Niliuchukia ule ukimya kuliko kitu chochote kilichowahi kuingia nyumbani kwangu, na nimewahi kupata chatu jikoni.

Kukawa na mnunuzi wa vitu vya zamani, yuko Mwanza, akaanza kupiga simu. Ngasa akasema, "Mama Kulwa, tumpe tu. Kitu kisichoongea ni kabati."

Nikamwambia anipe nafasi moja. Nikachukua waya wa jiko la umeme, nikaukata mpaka mita iliposoma kiasi kilekile cha spika zake, nikauzamisha kwenye ndoo ya maji usichemke. Ndivyo Lushinge alivyokuwa anafanya nje ya msimu wa pamba. Maji yakipata uvuguvugu anaogea miguu. Nikavuta sauti kidogo kutoka pale, nikaishusha, nikaipeleka kwenye hedifoni, nikamvisha mzee wangu kwa kiwango ambacho daktari angekikubali. Amplifaya imefunguliwa yote, chumba kimya. Akapiga kidogo. Akavua hedifoni.

"Hii imekufa."

"Haijakufa, valvu zote nzima."

"Basi ni mzima wa kitandani. Mwambie wa Mwanza aje Jumamosi."

Niliumia, nawaambia ukweli. Na kilichoniumiza zaidi ni kwamba alikuwa sahihi. Sauti ilikuwa safi, lakini ulikuwa mchuzi usiotiwa chumvi.

Ndipo akaja Minza, mtoto wa kaka yangu, mwenye studio pale mjini ambako kwaya na waimbaji wa harusi wanarekodi. Alikuja Ijumaa na boksi la chuma lenye matundu ya hewa, amelikumbatia. "Shikamoo shangazi. Nimesikia unamwogesha Baba Kulwa kwa amplifaya." Mtoto huyu mdomo wake ameurithi kwangu, siwezi kumlaumu.

Minza akanieleza kilichoshinda ndoo yangu, na akanieleza vizuri. Waya wa jiko unapinga nguvu kwa kiasi kilekile kwa kila noti. Spika haiko hivyo. Ile namba iliyoandikwa mgongoni mwake ni ya wastani tu. Kwenye besi kuna mahali spika inapenda kutikisika yenyewe, na hapo upinzani wake unapanda kama kilima. Halafu kwenye sauti za juu unapanda tena taratibu kwa sababu ya koili. Amplifaya ya valvu inaufuata upinzani huo: kwenye vilima inasukuma zaidi, na huo ndio uhai ambao Ngasa alikuwa anautafuta kwenye ndoo asiuone. Boksi la Minza lina koili kubwa na kapasita ndani, zimepangwa ziige vile vilima. Kwa amplifaya ni kama spika ipo. Kwa masikio, hakuna kitu.

Nikapiga makofi. "Kumbe ni gunia la Lushinge, pamba tu ndiyo haipo!"

Minza akageuza amplifaya, akasoma nyuma. Boksi lake ni la ohm nane, ndicho kipimo cha ule upinzani. Kwenye amplifaya kuna tundu limeandikwa nane. Akashika waya. Na mimi nikaona akilini ile baiskeli imegeuzwa miguu juu.

"Subiri," nikasema. "Maandishi ni ya kiwandani. Transfoma ni ya Mwandoya."

Akanitazama, kisha akaweka waya chini mwenyewe. "Basi tupime. Unapimaje kitu kama hiki?"

Sikilizeni hapa, maana amplifaya za zamani zilizopita mikononi mwa mafundi ni nyingi kuliko ambazo hazijapita. Chomoa plagi ukutani. Hakikisha kapasita hazina chaji, hizo zinaua hata amplifaya ikiwa imezimwa. Chomoa valvu za nguvu. Tafuta transfoma ndogo inayotoa volti chache za AC, uziingize upande wa valvu, kisha pima upande wa spika zinatoka ngapi. Gawanya za kuingia kwa za kutoka. Jibu lizidishe kwa lenyewe. Halafu chukua mzigo ambao valvu zako zinaupenda, uko kwenye karatasi zao za kiwandani, ugawe kwa jibu hilo. Utapata ohm za kweli za tundu lile. Minza alipiga hesabu kwenye simu, mimi nikapiga kichwani, tukatazamana.

Tundu la nane lilikuwa kumi na sita.

Tukafungua kabati la spika la Ngasa. Spika mbili za nane nane, zimefungwa kwa kufuatana, jumla kumi na sita. Lushinge hakuzungusha transfoma kufuata maandishi. Alizungusha kufuata kabati alilolikuta, akamwacha mpiga gitaa achomeke palepale alipozoea. Miaka yote ile mume wangu amepiga bila kujua kwamba maandishi yanadanganya na sauti inasema kweli. Nilimkumbuka marehemu kwa furaha mpaka miwani ikafanya ukungu.

Je, boksi la nane kwenye kumi na sita lingeiunguza? Pengine si siku hiyo. Mzigo mdogo kuliko unaotakiwa unachosha valvu na kubadili sauti, na mzigo mkubwa mno unakaribia ule upweke niliowaambia. Lakini transfoma ile ilikuwa moja duniani, na aliyeizungusha hayupo. Sikuwa tayari kubahatisha. Tukapima tundu lililoandikwa nne, na likasoma nane. Minza akachomeka boksi lake hapo, na mimi nikaandika upya kwa rangi ya kucha ya mjukuu, nyekundu, ili atakayekuja asibabaike.

Kulikuwa na mambo mengine. Waya wa kutoka kwenye amplifaya kwenda kwenye boksi uwe wa spika, mnene. Wa gitaa unafanana kwa nje lakini utayeyuka. Uwezo wa boksi uzidi nguvu ya amplifaya, tena uzidi kwa mbali, kwa sababu amplifaya ya zamani ikibanwa yote inatoa zaidi ya ilichoandikiwa. Na boksi la Minza lilikuwa na swichi ya kuchagua kilima cha besi kikae wapi. Hapo ndipo vijana wengi wanachagua kwa macho. Yeye alichukua kabati la Ngasa, akapitisha mlio kutoka kwenye simu kupitia amplifaya ndogo na risista, akaupandisha polepole, na mimi nikishikilia mita. Volti zikapanda, zikafika kileleni, zikashuka. Kilima cha kabati lile tukakijua, tukaweka swichi mahali palipokaribiana nacho. Mwisho akavuta sauti ya boksi mpaka kwenye kompyuta, akaweka humo sauti ya kabati lenyewe, aliyokuwa ameirekodi pale sebuleni kwa kulipigisha mlio mfupi mbele ya maikrofoni, la sivyo gitaa lingetoka kama nyuki kwenye kopo.

Ngasa alikuwa nje muda wote huo, amejifanya anakata majani ya ndama. Nikamwita. Akaja, akakaa, akavaa hedifoni kama mtu anayevaa kofia ya msiba. Minza akashusha sauti ya masikioni mpaka kiwango cha daktari. Nikawasha, nikangoja valvu zipate joto, nikafungua kila kitufe mpaka mwisho. Nikainamia transfoma, nikanusa. Harufu ya vumbi na nta. Hakuna kingine.

"Haya, Baba Kulwa."

Akagusa waya mmoja. Akaishia hapo. Akagusa tena, akaivuta noti ikalia muda mrefu, sisi tukisikia mlio mdogo tu wa waya mkavu, kama mtu anayekwangua sufuria. Nikamtazama usoni kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kutazama. Nyusi zikapanda. Mguu wa kulia ukaanza kupiga sakafu. Halafu mzee wangu akafumba macho na vidole vikakimbia, nikajua ameipata, na nililia pale mbele ya mtoto wa kaka yangu bila aibu yoyote.

Simu ikaita mezani. Ilikuwa namba ya Mwanza. Minza akaipokea, akasema, "Samahani mzee, mwenyewe yuko kazini," akakata.

Tatizo ni kwamba mtu aliyevaa hedifoni hajisikii. Ngasa alipofika kwenye wimbo wenyewe akaanza kuimba, na alidhani anaimba kwa kunong'ona. Kumbe sauti imefunguliwa yote kama amplifaya yake, akapita nje ya noti, akarudi, akapita tena. "WABEJA, MAMA KULWA!" akapaza shukrani kwa Kisukuma katikati ya ubeti. "WABEJA SANA! NDIYO HII! NDIYO HII HASA!" Kuku wakakimbia. Ndama akaacha majani. Boksi la Minza limetengenezwa kwa ustadi mkubwa, lakini halina tundu la kuchomeka mume.

Jirani yetu akaja mbio, mikono imejaa unga, akachungulia dirishani. Akamwona mzee amefumba macho, anatikisa kichwa, anapiga kelele za mapenzi kwenye chumba kisicho na muziki.

"Mayu, mzee ana nini?"

"Anapiga gitaa."

Akasikiliza. Akanitazama kwa huruma. "Mbona silisikii?"

Nikachukua hedifoni za pili za Minza, nikapitisha mkono dirishani, nikamvisha. Akazishika, unga wa mikono yake ukampaka masikio, na nikamwona anaanza kutikisa mabega.